Waulize Wataalamu: Sindano za Steroidi, Nafuu ya Haraka na Yanayofuata

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Kibaigwa hadi Manyoni, zimehusu sindano za kundi la kotikosteroidi. Wodini na madukani zina majina mengi: dexa (deksamethasoni), haidro (haidrokotisoni), Depo-Medrol (methilipredinisoloni), Kenalog (triamsinoloni), au "ile sindano nyeupe ya magoti". Zote zinaiga kotisoli, homoni inayotengenezwa kila siku na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Mwaka 1948 mgonjwa wa kwanza wa baridi yabisi alipewa kotisoni, dawa ya kundi hili, katika kliniki ya Mayo, Marekani, na miaka miwili baadaye watafiti Hench, Kendall na Reichstein walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu hapo dawa hizi zimeokoa watu wasiohesabika. Zinatuliza uvimbe upesi bila kujali umeletwa na nini, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu mgonjwa hupata nafuu hata pale ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Shikamooni wataalamu. Mama yangu ana miaka 61, analima mahindi na alizeti hapa Kongwa. Magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi. Kuna mtu dukani anamchoma sindano ya makalio kila mwezi na anapata nafuu kama wiki tatu. Sasa uso umekuwa wa mviringo, sukari imepimwa ikawa 14, na sindano ikichelewa analegea mwili mzima. Tumwachishe? – Binti yake, Kongwa

Marahaba, binti. Msimwachishe kienyeji, na msimrudishe dukani pia. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya rufaa wiki hii hii, mkiwa na kichupa kitupu au boksi la dawa kama litapatikana. Bila jina la dawa na kiasi alichochomwa, daktari atabaki anakisia.

Uliyoyaeleza yanalingana na mwili uliokaa na steroidi nyingi kwa muda mrefu. Mkimwangalia vizuri huenda mkakuta na mengine: mapaja dhaifu kiasi cha kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, ngozi inayochubuka kwa kuguswa tu, presha iliyopanda, macho yanayoanza kuona ukungu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Lakini kinachotutia hofu zaidi ni huko kulegea sindano inapochelewa. Ubongo ukiona steroidi nyingi inaingia kutoka nje, huziamuru tezi za juu ya figo zinyamaze. Sindano zinazochomwa mara moja kwa mwezi kwa kawaida ni zile zinazoyeyuka taratibu, yaani methilipredinisoloni aseteti au triamsinoloni, ambazo hukaa msulini zikiachia dawa kwa wiki kadhaa. Miligramu 80 za methilipredinisoloni zina nguvu sawa na miligramu 100 za prednisoloni, steroidi ya kumeza, ambazo ni vidonge 20 vya miligramu 5. Akirudia kila mwezi, tezi hazipati nafasi ya kuamka.

Sasa apate malaria kali, kuharisha, kuvunjika mfupa au kupasuliwa. Mwili wa mtu mwingine ungeongeza kotisoli mara kadhaa ili uhimili. Wa mama hauwezi. Anatapika, tumbo linauma, presha inashuka, sukari nayo inaweza kushuka, anazimia. Hiyo ni dharura, na tiba yake inajulikana: haidrokotisoni miligramu 100 mshipani au msulini papo hapo, dripu ya maji ya chumvi, kisha miligramu 200 zilizogawanywa ndani ya saa 24. Haingojei majibu ya maabara. Kwa hiyo kuanzia leo andikeni kwenye jalada la daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa: AMETUMIA STEROIDI KILA MWEZI, tangu mwezi gani, mara ya mwisho lini. Mhudumu yeyote atakayempokea akiwa hoi lazima alione hilo kwanza.

Hospitali watampima sukari, presha, sodiamu na potasiamu, na kama kipimo kipo, kotisoli ya damu inayochukuliwa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi, wakati ambapo kwa mtu mwenye afya inakuwa juu. Wakikuta tezi zimelala, atapewa prednisoloni kidogo kila asubuhi, ipunguzwe hatua kwa hatua kwa wiki au miezi. Sukari inaweza kushuka kadiri steroidi inavyotoka mwilini, kwa hiyo akianzishiwa dawa za kisukari apimwe mara kwa mara, zisije zikamzidi.

Kuhusu goti lenyewe: kama ni gegedu lililosagika kwa umri na kazi, sindano ya makalio si tiba yake. Inapohitajika, sindano huingizwa ndani ya kiungo, miligramu 40, mara nyingine hadi 80, ili dawa ifanye kazi pale pale na mwili wote upate kidogo. Nafuu huwa ya wiki chache. Kiungo kimoja hakirudiwi kabla ya miezi 3 kupita, na wengi wetu hatupendi kuzidi mara 3 kwa mwaka. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ambapo wagonjwa wa magoti walichomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wenzao wakichomwa maji ya chumvi. Mwishoni maumivu hayakutofautiana, ila gegedu la waliopata steroidi lilikuwa limepungua zaidi. Sindano ya goti inafaa kumvusha mtu kipindi kibaya ili aweze kufanya mazoezi. Ikigeuzwa ratiba ya kila mwezi, inalila goti lile lile.

Mazoezi ya misuli ya mbele ya paja ndiyo yanayodumu. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja hadi ulingane na sakafu, ahesabu hadi 5, ashushe taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Parasetamoli na jeli ya diklofenaki ya kupaka vinaweza kusaidia. Muulizeni pia kama sindano ya dukani ilikuwa ya mchanganyiko, maana mara nyingi huongezwa diklofenaki, na hizo mbili pamoja huongeza sana hatari ya vidonda vya tumbo kutoa damu. Choo cheusi kama lami ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Mwisho, duka la dawa muhimu halina ruhusa ya kuchoma sindano, ya aina yoyote.

Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Bega limeganda, siwezi kuinua mkono kupogoa. Nimepangiwa sindano ya bega wiki ijayo hospitali. Nitajuaje kama wanafanya sawa, na nini kinitie wasiwasi baadaye? – Msomaji, Hombolo

Kwanza waeleze haya hata wasipouliza: kama una kisukari, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una jipu au kidonda karibu na bega, kama una homa, na kama umewahi kuchomwa steroidi miezi ya karibuni. Bega lenye joto, jekundu, pamoja na homa, halichomwi steroidi hadi ijulikane hakuna usaha ndani. Ikiwa kuna bakteria, dawa hii inavidhoofisha vilinzi vya mwili pale pale vinapohitajika, na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Utakaa ukiwa umelegeza mkono. Mhudumu atapapasa kona ya nyuma ya mfupa wa bega na kuweka alama, atanawa mikono, atasafisha ngozi kwa klorheksidini au povidoni ayodini na kuiacha ikauke. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: povidoni inahitaji kama dakika 2 juu ya ngozi ili iue vijidudu, na kuipangusa mara moja ni sawa na kutosafisha. Akishasafisha haruhusiwi kupapasa tena alama bila glovu safi za upasuaji. Dawa nyeupe hutikiswa kwanza, kwa kuwa chembe zake hutuama chini ya kichupa. Huvutwa kwa sindano moja, kisha sindano hubadilishwa kabla ya kukuchoma. Kwa bega kiasi cha kawaida ni miligramu 40, yaani mililita 1, mara nyingi pamoja na ganzi ya lignokeini. Baadhi ya ganzi zina vihifadhi vinavyoifanya dawa ijikusanye mabonge kama maziwa yaliyochacha. Ikiwa hivyo haichomwi, inatupwa.

Kabla ya kusukuma, mhudumu huvuta bomba nyuma kidogo kuona kama kuna damu. Dawa ikiwa mahali pake huingia bila kulazimishwa. Ikigoma, ncha ya sindano imekaa ndani ya kano, na lazima irudishwe nyuma. Kano iliyojazwa steroidi hulainika na inaweza kukatika; ndiyo maana tunawakataza watu kuchomwa kwenye kano nene ya nyuma ya kisigino.

Siku mbili za kwanza bega linaweza kuuma kuliko awali. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na parasetamoli vinatosha. Uso unaweza kuwaka joto na kuwa mwekundu siku moja mbili, nayo hupita. Mwenye kisukari apime sukari kila siku kwa wiki moja, maana hupanda zaidi ndani ya siku 1 hadi 3. Pumzisha mkono siku 2, halafu anza mazoezi ya kuunyoosha, ambayo bila hayo sindano itakuwa imepotea bure. Kuchota maji, kupogoa na kubeba kreti za zabibu viache kwa wiki 2. Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, bega kuvimba na kuwaka, au homa: rudi hospitali siku hiyo hiyo, na usimeze antibayotiki za dukani kabla majimaji ya kiungo hayajachukuliwa, zitaficha majibu ya maabara.

Usikubali dawa iliyobaki kwenye kichupa cha mtu mwingine kama kichupa hicho ni cha dozi moja. Mwaka 2012 Marekani, methilipredinisoloni iliyoingia kuvu katika kiwanda kimoja cha kuchanganya dawa ilisambazwa na kuchomwa watu migongoni na kwenye viungo. Watu 753 waliugua, 64 wakafa. Steroidi ikiingia na kijidudu, inakipeleka ndani na wakati huo huo inawanyamazisha walinzi.

Mtoto akipata homa kali, jirani yetu ambaye aliwahi kufanya kazi zahanati humchoma dexa na homa inashuka ndani ya saa chache. Ni vibaya? – Baba wa watoto watatu, Mpwapwa

Ni vibaya sana, ndugu yetu, na tunaomba uache leo. Deksamethasoni hushusha homa ya malaria, ya taifodi, ya nimonia, hata ya homa ya uti wa mgongo, na vijidudu vinaendelea kuzaana huku mtoto akionekana amechangamka. Mnapofika hospitali siku ya tatu, dalili zimevurugika. Watu walidhani zamani kwamba ingesaidia malaria iliyopanda kichwani. Utafiti wa Thailand uliochapishwa 1982 ulionyesha kinyume: waliopewa deksamethasoni walikaa katika hali ya kutojitambua muda mrefu zaidi, na hawakufa wachache kuliko wenzao. Mtoto akiwa na homa apimwe malaria kwanza, kwa kipimo kile cha tone la damu kidoleni ambacho zahanati zetu wanacho. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6. Akidegedeka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea, nendeni hospitali moja kwa moja.

Zipo homa ambazo madaktari huambatanisha deksamethasoni na antibayotiki, kifua kikuu cha utando wa ubongo kikiwa mfano mkubwa. Hapo dawa ya kuua kijidudu imeshaanza, na mgonjwa yuko kitandani hospitali.

Nilitoboa sikio, ikatokea keloidi kubwa kama harage. Saluni moja hapa mjini wanachoma sindano. Rafiki yangu alichomwa, likabaki doa jeupe na shimo. – Dada wa Chang'ombe, Dodoma

Pole, dada. Dawa inayotumika ni triamsinoloni, na ni tiba halali ya keloidi, ila saluni siyo mahali pake. Doa na shimo la rafiki yako vinatokea dawa ikiwa nzito kupita kiasi au ikimwagwa nje ya kovu, kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Rangi mara nyingi hurudi baada ya miezi mingi. Shimo huchukua muda zaidi, na kwa wengine halijai kabisa. Kwenye ngozi yetu nyeusi doa hilo linaonekana kutoka mbali, kwa hiyo mchomaji anapaswa kulitaja kabla, si baada.

Kichupa huja na nguvu ya miligramu 40 kwa mililita. Kwa keloidi changa na laini huzimuliwa: mililita 1 ya dawa na mililita 3 za maji ya chumvi au ganzi hutoa miligramu 10 kwa mililita. Keloidi ngumu ya siku nyingi huhitaji 20 hadi 40. Sindano ni nyembamba, namba 27 au 30, bomba dogo la mililita 1 linalojifunga kwa kuzungushwa, maana kovu gumu husukuma dawa nyuma na bomba la kawaida hufyatuka. Dawa huingizwa katikati ya kovu lenyewe hadi lipauke, 0.1 hadi 0.2 mililita kwa kila sentimita ya mraba. Hurudiwa kila baada ya wiki 4, na usitarajie mara moja au mbili. Kovu hulainika kwanza, muwasho unapungua, ndipo linapokuwa bapa.

Keloidi ya sikio mara nyingi hukatwa kisha ikachomwa. Kuikata bila kufuatilia kwa sindano au kwa herini ya kubana ni kukaribisha nyingine, wakati mwingine kubwa kuliko ya kwanza. Anza kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa. Kama una mimba au unanyonyesha, sema.

Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati moja wilaya ya Bahi. Naomba ufafanuzi wa deksamethasoni kwa mama mwenye uchungu wa mapema. Wenzangu hutofautiana dozi, na mmoja hutumia haidrokotisoni dexa ikikosekana.

Mwenzetu, asante kwa kuuliza. Swali lako litawasaidia watoto njiti wengi. Deksamethasoni miligramu 6 msulini, kila baada ya saa 12, mara 4. Jumla miligramu 24. Ampuli za hapa nyingi zina miligramu 4 kwa mililita, kwa hiyo kila dozi ni mililita 1.5, si ampuli moja. Kosa la kuchoma ampuli moja moja humpa mama miligramu 16 kwa jumla. Ikiwa iliyopo ni betamethasoni, ni miligramu 12 kila baada ya saa 24, mara 2. Haidrokotisoni haifai kabisa kwa kazi hii, wala vidonge vya prednisoloni: kondo la nyuma huvivunja, na kinachomfikia mtoto ni kidogo mno kukomaza mapafu. Dawa ikikosekana, piga simu mahali pa rufaa, usibadilishe.

Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa mimba ya wiki 24 hadi 34 iliyo hatarini kuzaliwa ndani ya siku 7, pale ambapo umri wa mimba unajulikana kwa uhakika, mama hana dalili za maambukizi, na atajifungulia mahali penye huduma ya uzazi na ya mtoto njiti: oksijeni, joto, kulisha, kupumulisha. Masharti hayo hayakuwekwa kwa urasimu. Utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ukachapishwa 2015, ulisambaza dawa hii hadi ngazi za chini. Vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka badala ya kupungua, na maambukizi kwa akina mama yakaonekana zaidi. Wengi wa waliochomwa hawakuwa na mimba changa kama ilivyodhaniwa. Kisha 2020 ukatoka utafiti mwingine, uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan katika hospitali zenye uwezo, umri wa mimba ukiwa umethibitishwa kwa altrasaundi. Humo vifo vya vichanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ni ile ile na dozi ile ile. Kilichotofautiana ni uhakika wa wiki na huduma iliyomngoja mtoto.

Kwa zahanati yako maana yake ni hii. Hesabu wiki kwa tarehe ya hedhi ya mwisho na kadi ya kliniki, pima kimo cha mfuko wa uzazi, pima joto la mama, uliza chupa imepasuka lini na maji yana harufu gani. Wasiliana na hospitali inayompokea. Mkikubaliana dozi ya kwanza itolewe kwako, andika saa kamili kwenye barua ya rufaa ili ya pili isicheleweshwe wala kurudiwa mapema. Mama mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara siku zote za tiba. Ikipita siku 7 hajajifungua na hatari bado ipo, mzunguko mmoja wa nyongeza unaruhusiwa, nao ni uamuzi wa hospitali.

Mawili madogo ya chumba cha sindano, kwa kuwa yamejitokeza katika barua nyingine. Haidrokotisoni ya unga, miligramu 100, huyeyushwa kwa mililita 2 za maji ya sindano na inaweza kuingia mshipani. Deksamethasoni pia inaingia mshipani, lakini isukumwe polepole kwa dakika kadhaa. Ukiisukuma kwa nguvu mgonjwa hupata muwasho na moto mkali sehemu za siri na anaweza kuruka kitandani. Dawa nyeupe yenye chembe, iwe methilipredinisoloni aseteti au triamsinoloni, haiingii mshipani kamwe. Chembe zikiingia kwenye mishipa midogo huiziba. Zikae kwenye kabati tofauti na haidro, na lebo isomwe kwa sauti kabla ya kuvuta.

Natumia dawa za kufubaza virusi, nilihamishiwa mstari wa pili. Daktari wa mifupa anataka kunichoma Kenalog kwenye kiwiko. Nimwambie kuhusu dawa zangu? – Msomaji, Manyoni

Ndiyo, na kabla hajafungua kichupa. Mstari wa pili mara nyingi huwa na atazanavia au lopinavia, zikisindikizwa na ritonavia. Kazi ya ritonavia ni kukizuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa. Kenalog ni triamsinoloni, nayo huvunjwa na kimeng'enya hicho hicho. Sindano moja tu ya miligramu 40 kwa mtu mwenye ritonavia inaweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi, uso ukavimba, sukari ikapanda, tezi zikanyamaza kwa miezi. Methilipredinisoloni nayo inaguswa, kwa hiyo kubadilisha jina la sindano peke yake hakumalizi jambo. Usiache dawa za virusi ili uchomwe. Kiwiko kinaweza kutibiwa kwa kupumzishwa, kufungwa bendeji maalumu na mazoezi, na sindano ya kiwiko hata kwa mtu asiye na ritonavia hutoa nafuu fupi na maumivu hurudi mara nyingi. Mwenye dolutegravia bila ritonavia hana mgongano huu.

Kama hutaki kuitaja hali yako mbele za watu, mwonyeshe daktari kopo la dawa au karatasi yenye majina yake. Inatosha.

Nasoma chuo hapa Dodoma, nataka kunenepa. Wenzangu wanachoma dexa na kumeza vidonge vya njano. Ni wiki ngapi? – Mwanafunzi

Hakuna idadi ya wiki tunayoweza kukupa, mdogo wetu, kwa sababu hata chache zina gharama. Uzito huo ni maji na mafuta yanayojaa usoni, shingoni na tumboni, huku mikono na mapaja yakipoteza misuli. Zaidi ya wiki 3 mfululizo zinatosha kuzilaza tezi. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, na kijana wa miaka 22 akahitaji nyonga ya bandia. Mwenye selimundu yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Kifua kikuu kilicholala huamka. Ikiwa umeshaanza, usikatishe peke yako. Nenda kituo cha afya cha chuo na useme ukweli wote, mpaka aina ya vidonge. Ikiwa hujaanza: uji wa ulezi wenye karanga na maziwa asubuhi na usiku, mayai, maharage, na kipimo cha minyoo. Ukiwa unapungua bila sababu, pima kisukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI kabla ya kutafuta unene.

Nina pumu. Kila upepo wa vumbi ukianza natundikiwa haidro na napona. Kwa nini nisichomwe mapema, kabla ya msimu? – Msomaji, Ihumwa

Kwa sababu haidro hukaa mwilini saa chache tu, na ile ya wiki nyingi itakurudisha kwenye habari za mama wa Kongwa hapo juu. Hata siku ya shambulio, si haidro inayokufungua kifua dakika za kwanza. Ni salbutamoli ya kuvuta: midono (mibonyezo ya kopo) 4 hadi 10 kupitia chupa ya kupumulia, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, pamoja na oksijeni ikihitajika. Steroidi inachukua saa 4 hivi kuonyesha kazi, na mtu anayeweza kumeza hapati cha ziada kwa kuchomwa. Prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, siku 5 hadi 7, ina nguvu ile ile na haihitaji kupunguzwa hatua kwa hatua. Haidro miligramu 100 kila saa 6 ni ya anayetapika au aliyezidiwa kiasi cha kutomeza.

Ukitundikiwa mara 2 au zaidi kwa mwaka, pumu yako haijadhibitiwa. Unachokosa ni steroidi ya kuvuta kila siku, beklomethasoni au budesonidi, ambayo dozi yake ni ya maikrogramu na huishia zaidi mapafuni. Anza angalau wiki chache kabla ya upepo wa katikati ya mwaka, usiache unapojisikia vizuri, na usukutue mdomo baada ya kila mvuto ili usipate utando mweupe wa fangasi. Chupa ya kupumulia unaweza kuitengeneza: chupa safi ya maji ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linalolingana sawasawa na mdomo wa kopo la dawa, zungushia plasta pasivuje. Nyunyiza midono michache ya kwanza ndani bila kuvuta ili dawa isigande kwenye kuta, kisha mdono mmoja, pumua kwa utulivu mara 5, ndipo wa pili.